"Ni biznesi tu": neno moja la Kiingereza, maana nyingi, na hatari yake kwetu Oicha

Kwa siku moja tu pale Oicha, makao makuu ya teritware ya Beni, neno "biznesi" linaweza kusikika mara kumi kwa maana zisizofanana. Mama mwenye kuuza samaki wa chumvi sokoni anasema: "Niko nafanya biznesi kidogo, juu watoto wasome." Kijana wa moto anaonyesha nyumba ya bati jipya: "Ya biznesimani mmoja, ako na magari kwa barabara ya Kasindi." Jirani anayeulizwa maswali mengi anajibu: "Hiyo haiko biznesi yako." Na jioni, redio ikitangaza kampeni mpya ya chanjo, hakukosi mtu wa kutikisa kichwa na kusema: "Ni biznesi tu."

Neno ni moja, lakini hawa wanne hawasemi kitu kimoja. Mama anaeleza kazi yake. Kijana anasifu. Jirani anafunga mazungumzo. Na yule wa jioni anashitaki: anataka kusema kwamba kuna watu wanaotengeneza feza juu ya mateso ya wengine, na kwamba pengine hata mateso yenyewe ni ya uongo.

Maana hii ya mwisho ndiyo inafaa kuelezwa vizuri, kwa sababu katika miaka ya Ebola, toka 2018 mpaka 2020, ilikuwa na sehemu yake katika maamuzi ya watu wengi: kwenda hospitali ama kubaki nyumbani, kukubali chanjo ama kukimbia. Basi neno hili limetoka wapi, na limefikaje hapa?

Mwanzo wake: wasiwasi

Katika Kiingereza linaandikwa "business". Linatokana na neno lingine, "busy", yaani mtu mwenye shughuli nyingi, asiye na nafasi. Katika Kiingereza cha zamani sana, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, maana yake haikuwa biashara. Ilikuwa wasiwasi, hangaiko la moyo. Baadaye, karibu na karne ya 14, likaanza kuonyesha kazi ambayo mtu anashughulika nayo. Maana ya kuuza na kununua ilipata nguvu nyuma sana, karne ya 18, wakati Uingereza ilikuwa ikipanua biashara yake duniani.

Maana ya biashara ilikua mpaka ikafunika ile ya kwanza. Katika karne ya 19, Waingereza waliotaka kusema "hali ya kuwa na shughuli nyingi" walilazimika kutengeneza neno jipya, kwa kuandika lile la zamani na herufi y, ili watu wasifikiri ni mambo ya duka.

Msemaji wa Kiswahili hatashangaa sana. Kwetu pia, mtu anayetafuta maisha anasema "niko nahangaika". Neno "shughuli", lililotoka katika Kiarabu, linaonyesha kazi, pilikapilika, na hata sherehe ya harusi ama ya matanga. Na "biashara" yenyewe, wataalamu wa lugha wanaiunganisha na maneno mawili ya Kiarabu: kuuza na kununua. Lakini "biashara" ilibaki pale sokoni. "Business" haikubaki pahali pamoja.

Waingereza wanaitumia namna gani?

Mtu akifungua kamusi ya Kiingereza, atakuta maana nyingi chini ya neno hili. Zile zinazotumika sana ni hizi.

Ya kwanza ni biashara kwa jumla: kuuza, kununua, kupata faida. Ya pili ni kampuni ama duka lenyewe. Mtu mwenye salon ya kunyolea nywele "ana business", na mtu mwenye kiwanda vilevile.

Ya tatu ni jambo linalomhusu mtu. Mwingereza akikuambia ushike "business" yako, hakuagizi ufungue butiki. Anakuambia usiingilie mambo yasiyokuhusu. Kwetu tungesema "hayakuhusu", ama "shauri yako". Hapo feza haimo kabisa, na wanafunzi wengi wa sekondari wanakosea sentensi hii katika somo la Kiingereza.

Ya nne ni kazi iliyo mbele ya watu. Katika mkutano, baada ya salamu, mwenyekiti anasema sasa tuingie katika "business", yaani tuanze kazi iliyotuleta. Na mwisho wa mkutano kuna sehemu ya "business" nyingine, ile ambayo katika ripoti zetu tunaandika "divers", ama mambo mengineyo.

Ya tano ni ukali. Wakisema mtu fulani anamaanisha "business", wanataka kusema hana mchezo, atafanya kile alichosema.

Ya sita ni ujanja. "Business ya nyani" kwa Kiingereza ni vitendo vya kudanganya ama vya kuchezacheza. Ya saba ni ya adabu: mtoto mdogo ama mbwa akienda haja, Mwingereza anaweza kusema anafanya "business" yake. Kiswahili kina njia ileile, kwa sababu "haja" pia ni mahitaji ya kila namna, na hakuna anayechanganyikiwa.

Katika hizi saba, ni mbili tu zinazohusu feza moja kwa moja. Zingine zote zinazungumza juu ya shughuli, wajibu ama tabia ya mtu.

Njia mbili za kufika Oicha

Neno hili liliingia kwetu kwa milango miwili, na kila mlango uliliingiza na maana yake.

Mlango wa kwanza ni wa mashariki, mpaka wa Kasindi. Ng'ambo ni Uganda, nchi ambayo Kiingereza ni lugha ya serikali na ya masomo. Kule, "business" ni neno la kawaida, halina ubaya. Anayeuza ndizi barabarani anaifanya, na tajiri mwenye magorofa vilevile. Wafanyabiashara wa Butembo na Beni wanapitia huko tangu zamani. Wengine walifika mpaka Dubai, na mpaka Guangzhou kule China, kuleta nguo, vitenge, pikipiki na vyombo vya nyumba. Pamoja na mizigo walileta na maneno. Maana iliyopita Kasindi ndiyo ya yule mama wa samaki wa chumvi na ya yule biznesimani wa bati jipya: kazi, bidii, maendeleo.

Mlango wa pili ni Kifaransa, lugha ya shule na ya ofisi katika Kongo. Kifaransa kina neno lake kwa biashara, na lingine kwa "mambo": "affaires". Kwa hiyo Kifaransa kilipoazima "business" kutoka kwa Waingereza, hakikuwa na shida ya neno la heshima. Katika mazungumzo ya mitaani, neno hilo lilipata harufu nyingine, ya biashara isiyo wazi, ya feza ambayo haijulikani imetokea wapi.

Kuna mfano mmoja unaofaa kujulikana hapa. Mwaka 1986, daktari Mfaransa Bernard Kouchner, mmoja wa waanzilishi wa shirika la Médecins Sans Frontières, alitoa kitabu chenye kichwa "Charité business". Usemi wa namna hiyo ukatumika sana katika Kifaransa pale watu wanapohoji mashirika ya misaada: je, wanasaidia, ama wanajisaidia? Kwa hiyo kabla Ebola haijafika Beni, tayari Kifaransa kilikuwa na desturi ya kuweka neno "business" karibu na neno la huruma, ili kuonyesha mashaka.

Oicha iko katikati ya milango hii miwili. Watu wake wanaongea Kiswahili sokoni, Kinande ama lugha zingine nyumbani, Kifaransa shuleni, na wanasikia Kiingereza kutoka Uganda. Ndiyo maana neno moja linaweza kuwa sifa asubuhi na matusi jioni.

"Ebola biznesi"

Tarehe 1 mwezi wa nane 2018, serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeonekana Mangina, upande wa magharibi wa mji wa Beni. Mwezi uleule ikathibitishwa Oicha pia, wakati barabara za kuzunguka mji zilikuwa na hatari kubwa ya makundi yenye silaha. Ugonjwa uliendelea mpaka tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 3470, na 2287 kati yao walikufa. Ni Ebola kubwa kuliko zote zilizowahi kuonekana Kongo, na ya pili duniani baada ya ile ya Afrika ya Magharibi ya 2014 mpaka 2016.

Pamoja na ugonjwa, kukaja "Riposte", yaani kazi ya kupambana nao. Kukaja magari mengi mapya, wageni wengi, nyumba zilizokodishwa kwa dola, na posho ambazo kijana wa hapa hakuwahi kuona. Ndani ya miezi michache tu, mitaani Beni, Butembo na Oicha, watu walikuwa wakisema "Ebola biznesi". Wengine wakaongeza: "Bale banafanya biznesi na bagonjwa betu."

Usemi huo haukutoka hewani. Ulikuwa na sababu, na sababu zake zinaeleweka.

Tangu mwezi wa kumi 2014, watu walikuwa wakiuawa kwa mapanga na risasi katika teritware ya Beni. Walizika, wakalia, wakaandamana. Kisha ukaja ugonjwa, na kwa ghafla dunia nzima ikafika na magari. Swali la wengi lilikuwa rahisi: mbona wakati tulikuwa tunachinjwa hawakuja hivi?

Tena, tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku nne tu kabla ya uchaguzi wa rais, tume ya uchaguzi, CENI, ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na wengine, na kwamba Ebola na usalama ndiyo sababu. Uchaguzi wao ulisogezwa mpaka mwezi wa tatu 2019, wakati rais mpya alikuwa ameshaapishwa. Hapo mtu aliyekuwa na mashaka kidogo akapata mashaka mengi. Siku ya uchaguzi, wakaaji wa Beni walipanga foleni na kufanya kura yao ya mfano.

Na mwezi wa tatu 2020, mahakama kule Kinshasa ilimhukumu waziri wa zamani wa afya miaka 5 ya kazi ya kulazimishwa, kwa kosa la kula zaidi ya dola 400.000 za kupambana na Ebola. Mwenyewe alikana. Lakini kwa mtu wa mtaani, hukumu hiyo ilikuwa kama risiti.

Hapo ndipo neno liliteleza

Ukiangalia vizuri, "Ebola biznesi" ilikuwa inasema mambo mawili tofauti kwa wakati mmoja.

La kwanza: "Kuna watu wanaopata feza nyingi juu ya Ebola, na wengine wanaiba." Hilo ni lalamiko. Linaweza kuchunguzwa, na kuna mambo yaliyothibitishwa.

La pili: "Ebola haiko. Ni kitu kilichotengenezwa ili watu wapate feza." Hilo ni jambo lingine kabisa.

Mtu alikuwa anaanza na la kwanza, na bila kujua anamalizia na la pili, kwa sababu neno lilikuwa lilelile. Lakini moja haizai lingine. Seremala wa majeneza anapata feza kila mtu akifa, lakini siye analeta kifo. Mwenye famasia anauza dawa za malaria kila siku, na malaria iko kweli. Mtu kupata faida juu ya kitu, hata faida ya wizi, hakuonyeshi kwamba kitu hicho hakiko.

Utafiti uliofanywa mwezi wa tisa 2018 kwa watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na kutolewa mwaka 2019 katika gazeti la kitabibu The Lancet Infectious Diseases, ulikuta kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne hakuamini kwamba Ebola iko. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba wale wasioamini viongozi na wale walioshika habari za uongo walikuwa wachache zaidi katika kukubali chanjo ama kutafuta matunzo.

Bei yake ililipwa na wenyewe. Toka mwezi wa kumi na moja 2018, dawa za kutibu Ebola zilikuwa zikijaribiwa katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mwezi wa nane 2019 matokeo yalitangazwa: dawa mbili zilifanya vizuri kuliko zingine. Moja kati yake ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995, kazi ambayo profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kongo alikuwa na mkono ndani yake. Kwa waliopewa dawa hizo mbili, wale waliofika virusi vikiwa bado kidogo mwilini, karibu 9 kati ya 10 walipona. Waliofika wamechelewa, wengi walikufa. Aliyebaki nyumbani siku tano akisema "ni biznesi tu" alipoteza siku zile ambazo dawa ingemsaidia zaidi.

Na kuna waliokufa si kwa ugonjwa. Mwezi wa pili 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 mwezi wa nne 2019, daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa katika hospitali ya chuo kikuu cha Graben, Butembo. Wauguzi na wahamasishaji wa hapahapa walipigwa, wakatishwa, na wengine wakauawa na watu waliowaita "wa biznesi".

Kakao, na "biznesi ya vita"

Ebola iliisha, neno likabaki. Lilirudi wakati ugonjwa ulipoonekana tena Butembo mwaka 2021, na Beni mwisho wa mwaka ule. Linasikika kila kampeni ya chanjo inapopita. Na linasikika sana katika mazungumzo juu ya vita na kakao.

Mashamba ya kakao ya upande wa Oicha, Mbau, Mamove na Eringeti yanalisha familia nyingi. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10.000 kwa tani, jambo lisilowahi kuonekana. Biznesi ya kakao, kwa maana ya Kasindi, ni karo ya shule, bati la nyumba, matibabu. Lakini ni mashamba hayohayo ambamo wakulima wanauawa na kutekwa wakati wa kuvuna, na kakao inaibiwa, inauzwa mbichi ikiwa haijulikani ilitoka shamba ya nani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika katika ripoti zao juu ya mbao na kakao za eneo hili zinazovushwa kwa siri.

Basi mtu akisema "kakao imekuwa biznesi ya vita", anaweza kuwa anasema jambo lenye uzito: kuna watu wananunua mali yenye damu. Lakini likibaki hivyo, bila jina la tendo, kila mnunuzi mwenye mizani anakuwa mshitakiwa, na mwizi wa kweli anajificha katikati yao. Neno linaloshitaki wote halimkamati yeyote.

"Biznesi gani?"

Hakuna anayeweza kukataza neno, na si lazima. Kinachowezekana ni kuuliza swali fupi kila mara linapotumiwa kwa kushitaki: biznesi gani?

Kama ni biashara ya kawaida, lugha yetu ina maneno: biashara, uchuruzi, kazi, faida. Kama ni feza iliyoliwa, iitwe wizi ama rushwa, na iulizwe: nani, ngapi, wapi? Hayo yanaweza kupelekwa kwa chifu, kwa mashirika ya raia, kwa mahakama. Kama ni uongo, iitwe uongo, na anayesema aonyeshe kilichomfanya aone ni uongo. Na kama ni uchungu wa kuona magari yanakuja kwa virusi lakini hayakuja kwa mapanga, basi uitwe uchungu. Ni wa haki, na haupotei kwa kuambiwa kwamba Ebola iko.

Swali hili linawahusu na wageni wa mashirika. Anayekuja kuchanja ama kugawa misaada, na hataki kusema posho yake inatoka wapi, nani aliajiriwa na kwa njia gani, anaacha nafasi tupu. Nafasi hiyo watu wataijaza na neno moja, na wanalijua tayari.

Yule mama wa samaki wa chumvi hatumii neno hili kushitaki mtu. Kwake ni kuamka saa kumi na moja, kupanga mafungu, kuhesabu franga, na wasiwasi kama jioni zitatosha kununua unga. Bila kujua, yeye ndiye yuko karibu zaidi na maana ile ya kwanza, ya miaka 1000 iliyopita.